Haki ya Kujua na Haki ya Kuulizwa: Fundisho la Mnazi Bay

Kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, pale Mto Ruvuma unapoingia baharini kwa kupenya katikati ya mikoko, na rasi ya Msimbati ikajinyoosha kuikinga Ghuba ya Mnazi na mawimbi ya bahari kuu, ndipo mahali ambapo karibu kila haki iliyoandikwa katika Katiba yetu imepata kutiwa mizanini: haki ya kuishi, haki ya kumiliki mali, uhuru wa kukusanyika, uhuru wa kusema, na ile haki ambayo aghalabu hatuihesabu miongoni mwa haki, nayo ni haki ya raia kujua na kuulizwa kabla ya kukatwa shauri lolote linalogusa maisha yake. Muradi wa makala haya ni kudai kwamba haki hii ya mwisho ndiyo mama wa nyingine, na kwamba raia akinyimwa hiyo, nyingine huanguka baada yake moja moja, hata pengine na uhai wenyewe ukafuata.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi haki hizi zilivyoingia katika sheria zetu, kwa kuwa wengi hudhani zilikuja pamoja na bendera. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Katiba yake haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi wa wakati ule, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mbele yao, walichelea kwamba sura ya namna hiyo, mikononi mwa majaji ambao karibu wote walikuwa wageni, ingelifunga mikono taifa changa lililokuwa na haraka ya kuutoa umma katika umaskini. Mwaka 1962 ikapitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomwezesha Rais kumfungia mtu bila ya kumfikisha mbele ya hakimu. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ikazitaja haki katika utangulizi tu, mahali ambapo mahakama haina mkono. Na Katiba ya mwaka 1977 nayo ikazaliwa na upungufu huo huo. Ilibidi upite mjadala mkubwa wa nchi nzima wa mwaka 1983 na 1984 ndipo Bunge, kwa mabadiliko ya tano ya Katiba, Sheria Na. 15 ya 1984, lilipoingiza ibara za 12 hadi 24 zenye haki, na ibara za 25 hadi 28 zenye wajibu. Na hata hapo serikali ilijipa muhula wa miaka mitatu, hadi Machi 1988, kabla raia hajaruhusiwa kwenda mahakamani kuzidai.

Muhula ulipokwisha, mahakama hazikulala. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikubali kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba alilorithi sawasawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti lililomtaka raia apate kwanza idhini ya serikali ndipo aweze kuishtaki serikali hiyo hiyo, sharti ambalo lilimfanya mshtakiwa kuwa bawabu wa mlango wa hakimu. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, aliamua kwamba watu hawahitaji kuomba kibali cha polisi ili wakusanyike kwa amani, bali watoe taarifa tu. Watumishi hawa wa sheria walituachia usuli uliofaa kufundishwa katika kila darasa la nchi hii, kwamba haki haitolewi na serikali kwa hisani yake, bali mtu huzaliwa nayo, na Katiba huitambua tu.

Sasa katika orodha ile ya ibara ziko mbili ambazo hutajwa kwa nadra majukwaani. Ibara ya 18, pamoja na kumpa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, inampa pia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio yaliyo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Ibara ya 21, baada ya kutaja haki ya kupiga kura na kuchaguliwa, inaongeza kwamba kila raia anayo haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Mtu akizisoma ibara hizi mbili kwa utulivu ataona kwamba hazisemi juu ya kura ya kila baada ya miaka mitano peke yake. Zinasema juu ya siku zote zilizo katikati ya kura na kura, siku ambazo visima huchimbwa, mipaka ya hifadhi huwekwa, mashamba hutwaliwa na mabomba hulazwa ardhini.

Gesi asilia ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya Kiitalia ya AGIP, ikakaa chini ya ardhi zaidi ya miaka ishirini pasipo mtu kuitaka kwa bidii, mpaka kampuni ya Artumas ya Kanada ilipoanza kuitumia kuzalishia umeme wa Mtwara, na baadaye kampuni ya Kifaransa ya Maurel et Prom ikashika usukani. Wakati huo watu wa Mtwara na Lindi walikuwa na kumbukumbu ndefu ya ahadi zilizopita mbele ya macho yao bila ya kutua. Walikuwa wameuona, au wamesimuliwa na wazee wao, ule mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuleta Nachingwea baada ya Vita Kuu ya Pili, ukajengewa bandari Mtwara na reli ya kwenda bara, ukafa kabla ya kuzaa karanga za maana, na hatimaye reli yenyewe ikang'olewa. Walikuwa wamekaa miaka mingi ambapo msafiri wa Dar es Salaam hungoja kivuko kwenye ukingo wa Rufiji, na wakati wa masika barabara hukatika, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Walikuwa wakilima korosho inayoliingizia taifa fedha za kigeni, ilhali bei yake huamuliwa na watu wasioupanda mkorosho wala kuupalilia. Kwa watu wenye historia hiyo, gesi haikuwa bidhaa tu; ilikuwa ni zamu yao, zamu ambayo waliingoja kwa subira ya vizazi.

Ndipo mwaka 2012 serikali ilipoanza kujenga bomba la kuichukua gesi hiyo hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita mia tano, kwa mkopo kutoka China. Inawezekana kabisa kwamba uamuzi ule ulikuwa wa busara kiuchumi, kwa maana mahitaji makubwa ya umeme yako Dar es Salaam, na nchi nzima ilikuwa ikiteseka kwa giza na kwa gharama ya mafuta ya kuendeshea mitambo. Lakini busara ya jambo ni kitu kimoja, na namna ya kulifikia ni kitu cha pili. Wananchi wa Mtwara waliliona bomba kabla ya kuisikia hoja yake. Swali lao lilikuwa jepesi na la haki: sisi tutabakiwa na nini? Badala ya jibu walisikia, kutoka kwa baadhi ya vinywa vya wakubwa, lawama kwamba wao ni wabinafsi na wachochezi. Tarehe 27 Desemba 2012 wakaandamana mjini Mtwara, na kauli iliyokuwa midomoni mwao, gesi haitoki, ikaenea mkoa mzima.

Januari 2013 ghasia zikalipuka Mtwara na Masasi, na watu wakapoteza maisha. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasafiri mwenyewe hadi Mtwara, akakaa na makundi ya watu mbalimbali, akawasikiliza na kuwaeleza kwamba mitambo ya kusafishia gesi itajengwa huku huku kusini. Na kwa muda ghadhabu ikatulia. Naomba msomaji asimame kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo penye burhani ya makala haya. Jambo ambalo mabomu ya machozi hayakuliweza, mazungumzo ya siku chache yaliliweza. Kama maelezo yale yangalitolewa mwaka mmoja kabla, katika mikutano ya vijiji vya Msimbati, Madimba na Mngoji, na katika kata za mjini na Mikindani, nani awezaye kusema kwa yakini kwamba damu ile ingalimwagika? Kwa bahati mbaya mazungumzo hayakuendelezwa, na tarehe 22 Mei 2013, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipothibitisha Bungeni kwamba bomba linaendelea, mji ukawaka tena. Nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaletwa, watu wakakimbilia maporini, wengine wakauawa, na yakatoka malalamiko mengi ya raia kupigwa na kudhalilishwa.

Insafu hutaka tuseme ukweli kwa pande zote mbili. Waliochoma nyumba ya mtu kwa sababu ya chama chake au cheo chake walivunja Katiba ile ile waliyodai kunyimwa, maana ibara ya 16 inamhifadhi kila mtu pamoja na maskani yake, ibara ya 24 inailinda mali yake, na ibara ya 27 inampa kila mmoja wajibu wa kulinda maliasili na mali ya umma. Ghadhabu yenye sababu haimhalalishii mtu dhuluma. Lakini mizani haiwezi kuishia hapo. Aliyepewa dola na silaha ana wajibu mzito kuliko asiyekuwa nazo, na ibara ya 13 imekataza katakata kumtesa mtu au kumpa adhabu ya kinyama au ya kumdhalilisha, bila ya kuacha mwanya wa kusema kwamba siku ile mji ulikuwa umechafuka. Raia anapokosea, mahali pake ni mahakamani. Kipigo cha mitaani hakimo katika orodha ya adhabu za Jamhuri yetu.

Pengine mtu ataona kwamba kisa cha bomba ni cha pekee. La, si cha pekee, na ushahidi uko katika bahari ile ile. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 650, kwa ajili ya kuyalinda matumbawe, mikoko, kasa na mazalia ya samaki, ambavyo uvuvi wa baruti na makokoro ya macho madogo ulikuwa umeanza kuviangamiza. Nia hii ni njema, wala mvuvi yeyote mwenye akili hatabisha kwamba baruti inaua samaki wa leo pamoja na wa kesho. Sheria iliyozaa hifadhi hiyo, ya mwaka 1994, ina insafu kuliko wengi wanavyojua: imeweka miongoni mwa makusudio yake kwamba vijiji vilivyomo na vilivyo jirani vishirikishwe katika hatua zote za kupanga na kuendesha hifadhi, vipate fungu katika faida zake, na viwe na nafasi ya kwanza katika matumizi ya mali hiyo. Lakini mvuvi mwenye mtumbwi na madema, ambaye hana shamba wala mshahara, akikatazwa kuvua mahali alipovua babu yake pasipo kuulizwa wala kuonyeshwa njia nyingine ya kupata riziki, haoni hifadhi; huona kwamba bahari imetwaliwa na wageni. Na mtu aonaye hivyo hatakuwa mlinzi wa matumbawe, hata zikiletwa boti za doria kumi.

Ardhi nayo ina hukumu yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkusanyiko wa wakazi wote waliotimia umri wa miaka kumi na minane, sauti katika kuhamishwa kwa ardhi ya kijiji, na ibara ya 24 ya Katiba imesema kwamba mtu asinyang'anywe mali yake isipokuwa kwa sheria inayompa fidia inayostahili. Kwa mkulima wa Madimba, mnazi au mkorosho mmoja hauhesabiki kwa thamani ya mavuno ya msimu mmoja tu. Ni urithi wa watoto, ni karo, ni sanda. Mthamini ajaye na daftari lake, akaandika tarakimu ambazo mwenye shamba hasomewi wala haelezwi zimepatikanaje, hata kama tarakimu hizo ni za haki, ameivunja haki ya mtu huyo ya kujua, na mbegu ya kinyongo atakuwa amekwisha kuipanda.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba maliasili ni za taifa zima na si za mkoa mmoja, na kwamba kama kila wilaya itakalia chake, Tanzania haitabaki kuwa moja. Hoja hii ni ya kweli, nami ninaikubali kwa moyo wote. Gesi ya Mnazi Bay ni ya mkazi wa Kigoma na Pemba kama ilivyo ya mkazi wa Msimbati. Lakini umoja wa taifa hauhitaji ukimya wa sehemu yake moja. Litasemwa pia kwamba haki zina mipaka, na kwamba mpaka wa Ruvuma una hatari zake, kwa maana mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na wauaji waliotoka upande wa Msumbiji. Hili nalo ni kweli, na ibara ya 30 imeweka mipaka kwa ajili ya usalama na masilahi ya umma. Lakini Mahakama ya Rufani ilikwisha kufundisha katika shauri lile la mwaka 1993 kwamba sheria inayobana haki haina budi kuwa na kinga dhidi ya matumizi ya kidhalimu, wala isibane zaidi ya inavyolazimu ili kulifikia lengo lililo halali. Isitoshe, mlinzi wa kwanza wa mpaka ni mwanakijiji mwenye kuiamini serikali yake, awezaye kumwambia askari kwamba jana usiku zimepita sura tusizozijua. Imani hiyo haipatikani kwa amri.

Tena haki isiyo na njia ya kudaiwa ni mtumbwi usio na kafi: waweza kukaa ndani yake, lakini hauendi popote. Ibara ya 26 imempa kila mtu ruhusa ya kwenda mahakamani kuitetea Katiba, hata kama yeye mwenyewe hakuguswa. Hata hivyo mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayedai haki za msingi aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi, na kwa hivyo wanasheria na jumuiya ambazo zingeweza kumsemea mvuvi wa kijiji cha Ruvula asiye na nauli wala wakili zikafungiwa njia. Na mwaka 2019 nchi yetu ilijitoa katika tamko lililowaruhusu raia na jumuiya kwenda moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mahakama ambayo makao yake yako Arusha, katika ardhi yetu wenyewe. Milango miwili ilipunguzwa upana wakati ambapo watu wenye haja ya kupita walikuwa wameongezeka. Upande mmoja tu yafaa tushukuru: mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi hiyo ikikamilishwa kwa uaminifu, mkulima ataisoma hukumu yake bila ya mkalimani.

Itafaa nini basi? Kwanza, mikataba ya gesi iwekwe wazi. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 imekwisha kuagiza mikataba ichapishwe, basi isichapishwe kwa ajili ya mabenki na mabalozi peke yao; ifupishwe kwa Kiswahili chepesi na ibandikwe katika mbao za matangazo za vijiji. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Pili, kila senti ya ushuru wa huduma, ile sehemu ya mapato ambayo kampuni hulipa kwa halmashauri, itangazwe imeingia lini na imejenga nini, darasa kwa darasa na zahanati kwa zahanati. Tatu, mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ukae walau mara moja katika kila miezi mitatu, ukae kweli, usikilizwe kweli, na kumbukumbu zake zisiandikwe baada ya uamuzi kutoka kwingine. Nne, serikali irejee katika tamko lile la Mahakama ya Afrika. Tano, mchakato wa Katiba mpya, ambao ulikusanya maoni ya wananchi kupitia Tume ya Jaji Joseph Warioba na ukasimama kabla ya kura ya maoni ya mwaka 2015 kupigwa, urudishwe mikononi mwa wenyewe; kwa maana ibara ya 8 imesema bayana kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote.

Na kwa raia mwenzangu, uwe Msangamkuu au Mahurunga, Mikindani au mbali kabisa na Ruvuma, nina nasaha moja. Usingoje bomba lipite ndipo uulize. Hudhuria mkutano wa kijiji au wa mtaa, uliza hesabu, dai kusomewa muhtasari, andika jina lako chini ya swali lako, na umfundishe mwanao ibara ya 18 na ya 21 kama unavyomfundisha sala. Serikali nayo iwe tayari kujibu, kwa kuwa yenye kujibu maswali ya watu wake haina haja ya kuwaogopa, na watu wanaojibiwa hawana haja ya kuchoma kitu. Watu wa Mtwara hawakuomba upendeleo mwaka 2013. Waliomba kuambiwa na kuulizwa, na hilo lilikuwa haki yao kwa mujibu wa Katiba.